Mgonjwa Hataniwi

Jumatano, 2 Aprili

Sikukuu imekwisha na masika yameanza. Naandika kwa sababu kusema kumekuwa kazi.

Mwezi wa Ramadhani ulinisitiri. Mtu aliyefunga akinyamaza, watu husema ana ibada. Akijifunika mdomo kwa leso, husema anakwepa vumbi. Sasa watu wanatembeleana, wanataka kusalimiwa na kujibiwa, nami sina tena pa kujificha.

Meno yangu ya juu yaling'olewa mwezi wa pili, yote ya mbele, baada ya fizi kuoza mpaka yakawa yanacheza kama vigingi katika matope. Daktari wa meno wa hospitali ya serikali, binti anayeitwa Siti, aliniambia fizi zipoe kwanza, kisha nitapimiwa meno ya bandia. Yeye mwenyewe hayatengenezi. Fundi wake hutoka mjini mara moja kwa mwezi, Ijumaa ya mwisho, na siku hiyo moja huwahudumia watu wa wilaya nzima. Mwezi wa tatu hakuja. Wapo mafundi binafsi Dar es Salaam ambao hawamngojeshi mtu, lakini hao si wa mstaafu kama mimi. Kwa hiyo nangoja.

Nimesomesha Kiswahili wilayani humu tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Hata leo watu wazima wa hapa kijijini Mtawanya wakiniona njiani hunyoosha sentensi zao kama mtu anavyonyoosha kola ya shati. Asubuhi nilimwambia mama muuza maandazi "asante sana" na mate yakamrukia mkononi. Alijifuta kwa adabu, akageukia mteja mwingine. Maandazi sikuyala.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Sikutoka.

Jumapili, 6 Aprili

Maneno amekuja kuuliza siku ya harusi.

Huyu Maneno ni jirani yangu, Mmatumbi, mtu wa umri wangu na meno yake yote kinywani. Sisi Wandengereko na Wamatumbi tu watani, na yeye utani haumwishi. Isitoshe ndiye mshenga: kijana Dulla wa Ikwiriri, anayemposa mjukuu wangu Sabra, ni mjukuu wa dada yake. Posa tuliipokea mwaka jana, nilipokuwa bado na meno, na tukapatana kwamba ndoa itafungwa mfunguo mosi. Mfunguo mosi ndio huu.

"Hodi, Wandengereko! Mmeamka, au bado mnaota mafuriko?"

Mke wangu Mwanawetu akamkaribisha. Mimi nilishika leso.

"Mtani, nimetumwa. Watu wa Ikwiriri wanauliza siku."

"Mvua," nilisema.

"Mvua imefanya nini?"

"Njia."

"Njia ya lami ile, mtani wangu! Au umepanga waje kwa mtumbwi?"

"Baada ya masika."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasimama, akafungua mwavuli wake wenye mbavu mbili zilizovunjika. "Haya. Binti mmoja mnamhifadhi kama mbegu ya mpunga. Angalieni tu asije kuota ghalani."

Alipokwenda, Mwanawetu alisema, "Baba Zaidi, mvua hii haikuanza kunyesha leo duniani. Watu wanaoa chini ya mvua."

Zaidi alikuwa mwanangu. Alifariki Sabra akiwa hajaanza shule, na tangu hapo binti huyu ni wetu. Walii wake ni mimi. Najua kwamba walii anaweza kumpa sheikh uwakala wa kuozesha; wengi hufanya hivyo. Lakini ni mimi niliyesema, harusi baada ya harusi, mbele ya hadhara, kwamba mzee mwenye ulimi wake asiazime ulimi wa sheikh. Niliwahi kumsimamisha walii mmoja katikati ya akdi na kumwamrisha arudie kwa sauti inayosikika. Yule mzee alikuwa akitetemeka. Wapo wanaokumbuka.

Sabra alikuwa kwenye mlango wa uani, anapepeta mchele. Ungo ulikuwa umesimama.

Jumatatu, 14 Aprili

Mto umepanda. Mpunga wa bondeni umesimama ndani ya maji, lakini Mwanawetu anasema utavumilia. Nakula ugali wa kulowekwa kwenye mchuzi, chumbani, mlango umefungwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilifika hospitali kabla jua halijachomoza na nikakuta benchi limejaa. Wazee watupu. Tulikaa kama watoto waliotumwa kwa mwalimu mkuu, kila mmoja anatazama miguu yake.

Karibu nami aliketi mwanamke mzee aitwaye Mwanahawa, aliyetoka Mloka siku iliyotangulia na kulala kwa jamaa zake. Hakuwa na jino hata moja na alicheka kwa sauti, kinywa wazi, fizi nje.

"Mie nataka kutafuna korosho tu kabla sijafa," aliliambia benchi zima. "Tembo wa kwetu wanakula mahindi yangu kwa meno, mimi mwenye shamba sina! Na weye, kaka, uliyejifunga leso kama mwizi, umekuja kwa lipi? Fungua tuone."

Watu walicheka. Sikufungua. Niliinuka, nikaenda kusimama ukutani, na nikajiambia kwamba mwanamke yule hana haya. Naliandika hapa kwa kuwa nililiwaza.

Saa sita Daktari Siti akatoka, mikono ameikunja mbele kama anayeomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Gari la fundi lilikuwa limekwama njiani na lisingefika. "Wazee wangu, mniwie radhi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, Mungu akipenda."

Mwanahawa akajifunga kanga yake vizuri. "Haya, korosho zisubiri," alisema, akaanza safari ya kurudi Mloka.

Jumatano, 30 Aprili

Maneno ameuliza tena. Nimemjibu tena: mvua. Safari hii hakutania, alisema tu, "Nitawaambia."

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulisikia likifanywa na Mndengereko yeyote.

Bibi Maimuna, jirani yetu wa ng'ambo ya mnazi, alifariki jana na leo tumemzika. Ikiwa msiba umetufika sisi, Wamatumbi ndio wenye kazi: huchimba kaburi, huteka maji, huchinja, na juu ya yote huwachekesha waliofiwa ili huzuni isiwazamishe. Wana ruhusa ya kumwigiza hata maiti. Aliyetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Hii si sheria iliyoandikwa, lakini sijui sheria nyingine inayotiiwa kama hii.

Maneno alivaa kanga ya marehemu, akaokota fimbo, akaanza kufukuza mbuzi wasiokuwapo. "Wanaharamu nyie! Mihogo mnaila, maziwa hamnipi! Nendeni mkaolewe!" Alikuwa Bibi Maimuna kabisa, hadi ule mguu wake wa kushoto aliokuwa akiuvuta. Binti zake marehemu walilia na kucheka pamoja. Hata mimi nilicheka, ndani ya leso.

Kisha mtu akauliza nani atasoma wasifu wa marehemu. Macho yote yakanigeukia, kwa kuwa kazi hiyo ni yangu kila msiba. Nilionyesha koo langu na kutikisa kichwa.

Maneno akageuka. Nilimwona akiwaza, nikajua. Akachukua pembe ya kanga, akajifunika mdomo, akanyoosha shingo, akaweka mkono mmoja mgongoni kama niwekavyo mimi.

"Mabibi na mabwana," akasema kwa pua. "Mvua."

Watu wakaanza kucheka.

"Mwalimu, mbona humwozi binti?" akajiuliza kwa sauti ya mtu mwingine. Akajifunika tena. "Njia." "Njia ya lami hiyo, Mwalimu!" "Nangoja meno." "Yako wapi?" "Yapo Dar es Salaam, yanatafuta gari." Akaishusha kanga, akawageukia watu na kuuliza kwa sauti yake mwenyewe: "Jamani, nisaidieni mimi mshenga. Huyu kijana wetu anamposa Sabra, au anaposa taya?"

Walicheka wote. Walicheka kama watu waliokwisha kujua. Hilo ndilo lililoniunguza: miezi yote hii nilidhani leso inaficha, kumbe walikuwa wakinisitiri tu.

Nilisimama. "Mshenzi wewe!" nilisema. "Mtu usiye na adabu, wewe na ukoo wako wote!"

Leso ilianguka. Maneno yalitoka yamelowa, yamelegea, sauti yake si yangu. Niliona watu wakitazama kinywa changu, kisha wakitazama chini. Hakuna aliyecheka. Maneno aliivua ile kanga taratibu, akaikunja mara mbili, akamrudishia binti wa marehemu kwa mikono miwili.

"Samahani, Mwalimu," alisema.

Niliondoka kabla ya dua.

Sabra alikuwa upande wa wanawake. Alisikia kila kitu.

Jumanne, 13 Mei

Sabra ameniletea uji. Amezoea kuniita "mume wangu", kama wajukuu wa kwetu wanavyowatania babu zao, akichelewa kuniletea chai husema, "Mume wangu usiniache, nilikuwa nawasha moto." Leo hakuniita hivyo.

"Babu, ni kweli alichosema?"

"Wamatumbi hawana la kufanya."

"Sikuuliza juu ya Wamatumbi."

"Ni mvua, Sabra."

"Mvua iliacha Jumamosi, Babu."

Akakichukua kikombe. Uji sikuwa nimeumaliza. Nimesomesha watoto maelfu kwamba uongo ni uongo hata ukisemwa kwa ufasaha, na leo nimeusema bila hata huo ufasaha.

Jumamosi, 17 Mei

Maneno alipita. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Sisi ni rika moja. Hajanipa shikamoo maisha yake yote. Nilijibu kwa kichwa.

Jumatatu, 19 Mei

Ameleta papai bivu, amelimenya kabisa na kulikata vipande vidogo katika bakuli lenye mfuniko. "La mgonjwa," alimwambia Mwanawetu. Hakuingia ndani.

Mwanawetu aliweka bakuli mbele yangu. "Kula. Ni laini."

Sijapata kula kitu kichungu kama papai lile.

Jumapili, 25 Mei

Msikitini Maneno alinipisha safu ya mbele na kunishika mkono kwenye ngazi. Ngazi zenyewe ni mbili. Watani wengine nao wamemfuata. Wamatumbi wote wa Mtawanya sasa wananiamkia kama mgeni kutoka mbali. Nyumbani kwangu hakuna anayepiga kelele mlangoni. Sikujua kwamba nyumba yangu ilikuwa na kelele nyingi namna ile.

Ijumaa, 30 Mei

Fundi amekuja. Kijana mpole mwenye mikono baridi. Alikoroga unga wa rangi ya waridi kama anayesonga ugali, akautia kwenye kijiko kikubwa cha bati, akanijaza nao kinywa ili kuchukua umbo la fizi. Alisema nihesabu taratibu moyoni. Nilidhani nitazama.

Mwanahawa wa Mloka alikuwapo. Nilimsalimia kwanza, bila leso, kwa kuwa leso haina tena kazi. Akanitazama kinywani kwa utulivu kama mtu anayetazama shamba la jirani.

"Kumbe ni haya tu? Mie nilidhani una kidonda. Una bahati, kaka, umebakiwa na ya chini."

Siti amesema meno yatakuwa tayari Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Atakayewahi ndiye atakayechukua, kwa kuwa fundi ana watu wengi na asiyekuwapo atangoja mwezi mwingine.

Jumanne, 3 Juni

Mpunga umeanza kukomaa. Ndege wamekwisha kujua. Sabra yupo dunguni kutwa, anawafukuza. Anarudi jioni na hanisemeshi ila la lazima.

Jumapili, 8 Juni

Dulla amekuja mwenyewe, peke yake, bila mshenga. Hilo si la kawaida na alilijua, kwa sababu jasho lilikuwa likimtoka ingawa kulikuwa na upepo. Amepata ajira ya ualimu Mpanda. Anatakiwa kuripoti tarehe mosi Julai na gari lake linaondoka Jumamosi, tarehe ishirini na nane.

"Babu," alisema, "mama yangu anasema watu wakikupa mvua miezi mitatu, wamekunyima. Ameshaanza kunionyesha binti mwingine pale Ikwiriri. Mimi namtaka Sabra. Lakini nikienda Mpanda peke yangu, sijui nitarudi lini, na mama hatangoja. Kama hunitaki, niambie leo, nami nitaondoka na heshima yangu."

Niliona upindo wa kanga ya Sabra chini ya mlango wa uani.

"Nakutaka," nilisema.

Uso wake ulifunguka. "Basi hata wiki ijayo, Babu. Hata Alhamisi hii."

Hapa ningeweza kusema ndiyo. Badala yake nikasema Ijumaa ya tarehe ishirini na saba, baada ya sala. Nikaongeza kwamba Ijumaa ni siku yenye baraka. Akashukuru, akanibusu mkono.

Nilikwisha kupiga hesabu: meno asubuhi, ndoa alasiri. Nimeifanya Ijumaa ya Mwenyezi Mungu kuwa pazia la kinywa changu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemnunua jogoo na kumpeleka kwa Maneno. Ndivyo ilivyo kwetu: aliyevunja utani hupeleka kuku, watani humtukana mpaka washibe, kisha huliwa pamoja na mambo yakaisha. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote. Niliyatamani.

Maneno alinipa kiti chenye mto. Alimwita mkewe alete chai, isiwe ya moto sana. Alimtazama jogoo kama asiyejua ni ndege gani.

"Kuku wa nini, Mwalimu? Kwani tuna ugomvi?"

"Nilikosa, siku ya msiba."

"Hukukosa. Mimi ndiye niliyekosa. Nilimtania mgonjwa." Alisukuma kikombe karibu na mkono wangu. "Mgonjwa hataniwi. Ningejua unaumwa kiasi kile, ningekuletea uji."

"Mimi si mgonjwa, Maneno."

"Ukipona nitajua, Mwalimu."

Nilirudi na jogoo wangu kwapani. Watu walituona, mimi na jogoo, kwenda na kurudi.

Jumatano, 18 Juni

Tumeanza kuvuna. Mikono inauma. Hakuna jingine.

Alhamisi, 26 Juni

Turubai limefungwa uani. Jamaa wamefika. Mwanawetu ameipiga pasi kanzu yangu mara mbili. Nimepatana na bodaboda wa alfajiri, nikamwambia asiseme. Nitakwenda, nitarudi kabla ya adhana ya Ijumaa, na hakuna atakayejua nilikuwa wapi.

Jumamosi, 28 Juni

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, nyumba ikiwa imenyamaza.

Nilifika hospitali kabla ya wote, njia ikiwa imejaa matope ya mvua ya usiku isiyo ya msimu. Nilikaa wa kwanza kwenye benchi, kanzu yangu nimeikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi hakuwapo. Saa mbili hakuwapo. Mwanahawa alifika, tukasalimiana. Saa nne gari likaja, sanduku likashushwa, nikasimama. Kumbe akaitwa kwanza mgonjwa mwenye taya lililovunjika katika ajali ya pikipiki, anavuja damu. Saa tano na nusu mlango ulikuwa bado umefungwa.

Nilijiambia: bado kidogo. Adhana ya Ijumaa ikasikika kutoka msikiti wa karibu. Nikajiambia: ndoa ni baada ya sala. Sikwenda kusali. Mtu aliyechagua Ijumaa kwa baraka zake alikaa kwenye benchi la meno, adhana inalia, akitazama kitasa cha mlango.

Sala ilikuwa imekwisha nilipoona viatu vimesimama mbele ya miguu yangu. Nilivijua. Maneno alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti, matope mpaka magotini. Sikujua nani aliyemwambia. Nadhani hakuhitaji kuambiwa.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wameketi. Sheikh ameketi. Binti anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama umebadili nia."

Hakutikisa kichwa, hakutabasamu. Angenitukana pale mbele ya wazee wote, ningemshukuru.

Wakati huohuo mlango ukafunguka na Siti akaliita jina langu. Mkononi alikuwa na kisahani kilichofunikwa pamba. Niliyaona kwa mbali, meupe mno, kama ya mtu mwingine. Siti aliona mfuko wa kanzu na akamwona Maneno. "Mwalimu, kuyajaribu na kuyachonga ni nusu saa tu," alisema. "Pengine zaidi kidogo."

Nusu saa. Natamani kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Nilisimama kati ya mlango ule na Maneno, na nilikuwa nimekwisha kuinua mguu kwenda mlangoni, nilipomsikia Mwanahawa nyuma yangu akiuliza kwa upole, "Huyo binti anayengoja ni wa nani, kaka?"

"Wangu," nilisema.

Nikamwambia Siti amwingize yeye kwanza.

Nilipanda pikipiki nyuma ya Maneno. Penye utelezi alisema tu, "Shika vizuri, Mwalimu."

Uani palikuwa pamejaa. Dulla alikuwa ameketi mkekani, macho mekundu. Nilivaa kanzu juu ya matope yangu, nikaketi mbele yake, nikamshika mkono. Sheikh akainama sikioni mwangu na kuuliza kwa wema kama ningependa kumpa uwakala. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti inayosikika. Leso niliiacha mfukoni.

"Nimekuoza mjukuu wangu, Sabra binti Zaidi, kwa mahari tuliyopatana."

Haikutoka hivyo. Ilitoka imejaa upepo na mate, na jina la mwanangu marehemu lilipita kwenye fizi kama kitu kilichoanguka ndani ya maji. Tone la mate lilitua kwenye mkono wa Dulla. Hakuupangusa. Akajibu kwa haraka, kana kwamba ningeweza kuondoka: "Nimekubali kumuoa Sabra binti Zaidi kwa mahari tuliyopatana."

Nilihisi macho yote kinywani mwangu. Nilimkumbuka yule walii niliyemwamrisha arudie, akitetemeka, na nikangoja.

"Sheikh!" ilikuwa sauti ya Maneno, kutoka nyuma kabisa, ile sauti yake ya zamani, kubwa, isiyo na adabu. "Sheikh, hakikisha vizuri! Mie sijapata kuona bibi harusi anaozwa na mtoto mchanga!"

Hakuna aliyecheka. Wote walinitazama mimi kwanza.

Nilijua ni zamu yangu. Anayetaniwa hujibu. Nikamgeukia.

"Mmatumbi," nilisema, "Mungu alikujaza meno kinywani ili tu ukizibe, na bado hujakiziba!"

Sijui hata kama lilisikika vizuri. Lakini turubai lilitikisika. Maneno mwenyewe alipiga magoti mkekani, anajipiga paja, anasema, "Kapona! Wallahi kapona! Yule jogoo yuko wapi?" Vigelegele vikapanda kutoka ndani ya nyumba. Nilicheka nami, kinywa wazi, na sikuweza kuacha, hata machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Leo alfajiri Sabra ameondoka. Alipiga magoti kuniaga. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi, maneno kamili, yaliyopangwa. Nilipofungua kinywa nilisema tu, "Nilikungojesha."

"Ulinifanya nione kwamba hunitakii heri," alisema. Hakusema kwamba si kitu. Alinitazama kinywani, waziwazi, kama mtu anayeangalia alichonyimwa kukiona. Kisha akafunga mtandio. "Haya, mume wangu. Mimi nimeolewa. Wewe baki na bibi yako."

Jumapili, 6 Julai

Siti amepiga simu. Meno yamehifadhiwa kabatini, fundi atakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nitakwenda. Mwanahawa amepata yake na amerudi Mloka; Siti anasema alitoka nje akauliza palipo na duka la korosho.

Sabra anapiga simu kila jioni. Nazungumza naye. Asiposikia, husema nirudie, nami narudia. Bado nageuka ukutani ninapozungumza, hilo sijaliacha.

Asubuhi ya leo nilifungua mlango, nikakuta muwa umeegemezwa kwenye nguzo ya baraza. Muwa mrefu, mgumu, wa ile miwa myekundu ya bondeni, hata majani ya juu hayakukatwa. Hakukuwa na mtu. Kutoka ng'ambo ya ua ilisikika sauti.

"Tafuna, mtani! Ukimaliza nitakuletea mwingine!"

Mwanawetu ametoka na panga ili aukate vipande na kuutwanga nipate maji yake. Nimemzuia. Nimemwambia auache palepale ulipo, wapita njia wauone.